Anayekataa kuhama naye ana hesabu zake

Kila mafuriko yanapolipiga jiji la pwani, swali lile lile hurudi: hawa watu kwa nini hawahami? Wameonywa. Nyumba zao zimepigwa alama ya rangi nyekundu, wengine wamegawiwa viwanja sehemu za mwinuko, na msimu unaofuata maji yanawakuta pale pale. Wengi wana jibu tayari: ni ukaidi, ni mazoea, au wanangoja fidia ya pili. Jibu hilo lina madhara kuliko linavyoonekana, maana mipango ya kuyaandaa majiji haya kwa mabadiliko ya tabianchi mara nyingi huchorwa na watu wanaoliamini. Na mpango wa mtu anayeamini kwamba shida ni ukaidi huishia kwenye tingatinga.

Hoja ya upande unaotaka watu wahame si ya kupuuzwa. Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Ripoti ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, ya mwaka 2021 inakadiria kwamba kufikia mwisho wa karne hii bahari itapanda kwa sentimita 28 hadi 55 iwapo uzalishaji wa hewa ukaa utapunguzwa kwa haraka sana, na inaweza kukaribia mita moja iwapo utaendelea kwa kiwango cha juu kabisa. Maana yake ni kwamba bamvua lililokuwa likiishia kwenye ngazi za gati linaingia barabarani, na dhoruba ikija inaanzia juu zaidi. Hakuna jiji lenye fedha za kuzungushia ukuta ufuo wake wote. Ukuta wenyewe si kazi ya mara moja: Uholanzi, baada ya watu 1,836 kufa katika mafuriko ya mwaka 1953, ilijenga kwa zaidi ya miaka 40 hadi lango la Maeslant karibu na Rotterdam lilipozinduliwa mwaka 1997, na matengenezo hayana mwisho. New Orleans nayo ilikuwa na kuta mwaka 2005, zikavunjika. Kwa hiyo mhandisi anaposema mahali fulani hapatalindika, huenda anasema kweli, na kila anayebaki pale ni mtu ambaye waokoaji watamfuata usiku kwa boti. Mahali pa kuondoka papo. Hilo silipingi.

Ninachopinga ni dhana kwamba anayebaki hajafikiri. Ingia katika nyumba iliyozoea mafuriko, katika jiji lolote. Mlangoni kuna kizingiti cha saruji kilichopandishwa matofali mawili au matatu, unakivuka kwa kuinua mguu. Kitanda kimewekwa juu ya matofali. Vyeti vya kuzaliwa na daftari la shule viko kwenye mfuko wa nailoni, umening'inizwa kwenye kenchi. Ukutani kuna mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, na mwenye nyumba anaweza kukuambia kila mstari ni wa mwaka gani. Huyu anaijua hatari kuliko mtu yeyote aliyeichora kwenye ramani. Ameipima, akailinganisha na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho tusichokipima sisi.

Mara nyingi ni umbali. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika Jiji la Dar es Salaam, serikali iliwagawia waathirika wa Bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kiwanja ni kitu cha maana, na wapo waliojenga wakatulia. Lakini baadhi walirudi bondeni. Anayeishi kwa kibarua cha kutwa, au kwa kuuza vitu sokoni alfajiri, hapati chochote kutokana na ardhi kavu ikiwa nauli ya kwenda na kurudi inakula sehemu kubwa ya alichokipata. Mafuriko yanakuja siku chache kwa mwaka. Nauli inadaiwa kila siku.

Lakini kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya umbali, na sioni likijadiliwa inavyostahili: kanuni za hesabu. Baada ya kimbunga Katrina, kilichoizamisha New Orleans mwaka ule wa 2005, jimbo lake la Louisiana nchini Marekani liliendesha programu iliyoitwa Road Home, ya kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya. Msingi wa kiwango cha msaada ulikuwa ama thamani ya nyumba kabla ya kimbunga ama gharama ya uharibifu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Inasikika kuwa ya haki. Sasa tuchukue nyumba mbili za mfano, ukubwa mmoja, zimezama kwa kina kimoja, kila moja inahitaji dola 120,000 kutengenezwa. Ya kwanza iko mtaa ambao soko linaithamini dola 200,000, mwenyewe anapewa 120,000 na kujenga. Ya pili iko mtaa ambao nyumba kama hiyo huuzwa dola 70,000. Mwenyewe anapewa 70,000, na amepungukiwa 50,000 ambazo hana, kwa mbao zile zile, misumari ile ile na mafundi wale wale.

Hakuna mstari katika kanuni hiyo uliomtaja mtu mweusi. Lakini New Orleans bei ya nyumba ilifuata rangi ya mtaa, kutokana na historia ndefu ya ubaguzi, na kanuni ikaibeba historia yote hiyo bila kuigusa kwa neno. Mwaka 2008 wenye nyumba weusi na watetezi wa haki za makazi walifungua kesi; mwaka 2011 ikamalizika kwa maridhiano. Kufikia hapo miaka sita ilikuwa imepita tangu kimbunga. Na wale walioshindwa kurudi walisomeka kwenye takwimu kama watu walioamua kuhama.

Kanuni hii haikuishia Louisiana. Hesabu ya namna hiyo hiyo ndiyo huamua ukuta upite wapi: chukua thamani ya mali itakayookolewa, igawanye kwa gharama za ujenzi, mradi wenye jibu kubwa ndio unaopata fedha. Kwa hesabu hiyo hoteli moja inaweza kuushinda mtaa mzima wa mabati. Kisha mtaa ulioachwa nje ya ukuta unatangazwa kuwa eneo hatarishi, na mthamini anapokuja kwa ajili ya fidia anapima tena kwa bei: mbao kadhaa, mabati kadhaa, ardhi haina hati hivyo haina thamani. Mtu yule yule amepunjwa mara mbili kwa kipimo kimoja, na anapokataa kusaini anaitwa mkaidi. Hakuna sheria ya uhandisi inayolazimisha kuhesabu mali badala ya watu. Tungeweza kuhesabu vichwa vinavyokingwa, siku za kazi zinazookolewa, watoto wasiokatishwa shule. Kuchagua bei ni uamuzi wa kisiasa uliovaa koti la hesabu, na wanaoumizwa nao hawaitwi mezani unapofanywa.

Ndiyo maana walioko maeneo ya chini huwa na shaka na sababu wanazopewa. Lagos wanaiona bahari ile ile ikitendewa namna mbili. Upande mmoja Eko Atlantic, ardhi mpya iliyojazwa mchanga kutoka baharini na kukingwa kwa ukuta uliopangwa kufikia kilomita 8.5. Upande mwingine Otodo Gbame, kijiji cha wavuvi pembezoni mwa wangwa, ambacho wakazi wake wapatao 30,000 waliondolewa kwa nguvu kati ya Novemba 2016 na Aprili 2017. Juni 2017 Mahakama Kuu ya Lagos ikasema uondoaji huo ulivunja katiba. Aliyeshuhudia hayo akiambiwa na mamlaka kwamba ufuo ni hatari, atauliza ni hatari kwa nani, na ana haki ya kuuliza.

Wakati mwingine hata maji yenyewe hayatoki baharini peke yake. Sehemu za Jakarta zimekuwa zikititia kwa kasi inayozidi mara nyingi kupanda kwa bahari, hasa kwa sababu maji ya ardhini yanavutwa na visima, vikiwemo visima virefu vya viwanda na majengo makubwa, katika jiji ambalo mtandao wa mabomba haujamfikia kila mtu. Tokyo ilikuwa na ugonjwa huo. Uvutaji wa maji ya ardhini ukabanwa kwa sheria zilizoanza kutungwa mwaka 1956, na kufikia miaka ya 1970 kutitia kulikuwa kumepungua sana. Bomba la maji safi, kwa hiyo, ni kinga dhidi ya mafuriko sawasawa na ukuta, tena ni kinga inayomnufaisha maskini kwanza. Sijui jiji lolote ambalo wanasiasa wake hukata utepe wa bomba kwa shangwe wanayokata nayo utepe wa ukuta.

Jakarta hiyo hiyo ina mtaa mmoja ninaoutaja kila mjadala huu unapozuka. Aprili 2016 Kampung Akuarium, kando ya bandari ya zamani, ulibomolewa kupisha ukuta wa bahari na ukarabati wa eneo la kihistoria. Wakazi walielekezwa kwenye maghorofa ya serikali mbali na pale. Wengine walikataa, wakabaki wakiishi kwenye mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Walishirikiana na wasanifu majengo na watetezi wao, wakachora mtaa mpya, wakaudai, na Agosti 2021 maghorofa ya Kampung Susun Akuarium yakazinduliwa pale pale. Mahali walipotakiwa kuondoka pakakaliwa tena, kwa kujenga kwenda juu. Mpinzani wangu atasema ardhi bado inatitia na siku moja hata ghorofa hilo litahitaji kuachwa. Inawezekana. Lakini ghorofa linawapa miaka mingi ya kazi na shule kabla ya siku hiyo, na wataifikia wakiwa na mali na sauti.

Bangkok ilifika huko bila vifusi, au kwa vifusi vichache zaidi. Kando ya mfereji wa Bang Bua, nyumba zilikuwa zimesimama kwa nguzo juu ya maji na kuuziba mkondo. Kupitia mpango wa taifa wa Baan Mankong, ulioanza mwaka 2003, wakazi walijiunga katika vyama vya akiba, wakakodi ardhi ya serikali kwa pamoja kwa muda mrefu, wakazipanga upya nyumba zao na kurudi nyuma kutoka ukingoni. Mita chache tu. Mfereji ukapata nafasi ya kupitisha maji, na wakazi wakabaki karibu na kazi na shule zao. Ulikuwa mpango wa polepole, wenye mikutano mingi na ugomvi wa majirani juu ya nani apunguze chumba, na nadhani upolepole huo ndio bei halali ya kazi hii.

Na pale ambapo kuondoka hakuepukiki? Oakwood Beach, kisiwani Staten katika Jiji la New York, baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012, wakazi wenyewe ndio waliojipanga na kuiomba serikali ya jimbo inunue nyumba zao. Jimbo likatoa bei ya kabla ya kimbunga, na nyongeza juu yake. Wengi mno wakaondoka, na eneo likaachiwa kinamasi. Watu ni wale wale wanaoitwa wakaidi kwingineko. Kilichobadilika ni nani alianza kuzungumza, na bei iliyowekwa mezani.

Hata mfano huo mzuri una shimo ambalo mjadala karibu wote unalipita, nalo ni wapangaji. Mikataba ya ununuzi na fidia hujengwa juu ya mwenye nyumba. Katika mitaa ya chini ya majiji mengi, wanaolala ndani ya nyumba hizo ni watu wa kulipa kodi kwa mwezi, chumba kimoja kimoja, na mwenye nyumba anakaa kwingine, penye mwinuko. Akilipwa, yeye hajahama. Waliohama ni wao, na jina lao halimo kwenye daftari la mthamini. Wanatafuta chumba kingine cha bei ile ile, na vyumba vya bei ile ile viko bonde linalofuata. Jiji linalotaka kujua kama mpango wake wa kuhamisha watu umefaulu lisihesabu nyumba zilizobomolewa. Liandike wapangaji wote kabla tingatinga halijawashwa, liwalipe gharama za kuhama na kodi ya miezi ya mwanzo, na mwaka mmoja baadaye liwatafute wale wale, mmoja mmoja, lione wanalala wapi.