Kabla ya kudai hela ya takataka Kadutu

Kila msimu wa mvua mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hurudi kwenye malumbano yaleyale: nani alipie uzoaji wa takataka? Upande mmoja unataka kila nyumba ilipe mchango wa mwezi kwa wazoa takataka, na unawalaumu watu wa Kadutu, mojawapo ya komini (manispaa) za mji, kwa kugoma: wamezoea uchafu, wanasema. Upande wa pili unadai pesa hiyo itoke kwanza kwenye ada za ardhi, yaani za kupima parseli (kiwanja), za konsesyo (haki ya kutumia ardhi ya Serikali), za kibali cha kujenga na za kukata shamba kuwa viwanja. Huu wa pili haujasikilizwa vya kutosha.

Wanaotetea mchango hawakosi hoja. Ada ya kiwanja hulipwa mara moja, takataka hutoka kila asubuhi. Ukipandisha bei ya makaratasi, mwenye kipato kidogo atajenga bila karatasi, na mwenye nyumba atamwongezea mpangaji kodi. Tena mtu aliyelipa hela yake ana haki ya kuuliza kwa nini gunia lake limelala mlangoni wiki nzima. Hoja hii ya mwisho ina uzito.

Lakini panda Cimpunda, mtaa wa Kadutu ulio mlimani, uitazame kazi yenyewe. Kijana wa kuzoa takataka anapita kwenye kijia ambacho mabati yanamgusa mabega yote mawili. Gunia liko kichwani, maji yake yanamchuruzika shingoni, na lori haliwezi kumfuata. Linamngoja kule juu barabarani. Mama anayekaa chini kabisa ya mteremko anajua zamu yake haitafika. Mvua inapoanza kupiga mabati, anamwaga ndoo yake kwenye mtaro kama walivyofanya majirani, maji yanabeba. Ujeuri uko wapi hapo? Shimo hana pa kulichimba, kituo cha kupeleka uchafu hakipo karibu, na waliougawa mlima ule hawakuacha hata njia ya kupitisha toroli.

Na mlima uligawanywa na nani? Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa konsesyo tu. Kwa hiyo kila parseli yenye karatasi ilipita ofisini, ikapimwa, ikalipiwa. Katika mitaa ya Bagira, komini nyingine ya Bukavu, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Kadutu ilipojaa, pesa za viwanja zilipokelewa na barabara hazikuchorwa. Ukimdai leo mkaaji wa pale mchango wa mwezi, unamdai mara ya pili kitu ambacho hakupewa mara ya kwanza.

Kinacholeta mkanganyiko ni kwamba anayepokea pesa ya ardhi siye anayezoa takataka. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 iliupa mji na komini mzigo wa usafi, huku hati za ardhi zikibaki kwa huduma za Serikali kuu. Katiba inaziahidi provensi (majimbo) asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, nazo provensi zinapaswa kuzishushia miji na komini fungu lao. Kila aliyefanya kazi kwenye komini anajua fungu hilo hufikaje, likifika. Na tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, hata hiyo njia ya Kinshasa imekatika. Ada zinakusanywa na mikono mingine, na mkaaji bado ana haki ya kuuliza zinakwenda wapi.

Wanaoona haya ni mambo ya Kadutu peke yake wafuate maji. Mtaro unaingia mto Kawa, Kawa unaingia Ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Kwenye mto huo, karibu kabisa na mji, kuna bwawa la Ruzizi I linalotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Chupa za plastiki, majerikani, viatu vya kandambili, vyote vinakwenda kujikusanya mbele ya mashine. Mwanzoni mwa 2023 mojawapo ya mashine nne ilisimama kwa sababu ya takataka, na takriban megawati 6 kati ya 30 zikapotea. Wazamiaji hulazimika kushuka majini kuutoa uchafu huo kwa mikono. Ndoo iliyomwagwa Cimpunda inazima friji Muhumba, inamfunga mwenye saluni Nyawera, inamlaza gizani mgonjwa wa Panzi, mitaa iliyo mbali na Kadutu. Wote hawa wanailipia tayari, kwa delestaji (mgao wa umeme) na kwa mafuta ya jenereta, wala hakuna risiti inayoitaja takataka. Kwa hiyo hesabu ya kwamba ada za ardhi zitawaongezea watu gharama haijakamilika mpaka uongeze na gharama ya giza.

Basi ile hoja ya "mara moja" naigeuza hivi: pesa ya mara moja ifanye kazi ya mara moja. Ada ya ardhi ifungue njia, ijenge ngazi za saruji zenye mtaro pembeni, inunue eneo la kituo cha kukusanyia katika kila mtaa na jalala la kweli nje ya mji. Kazi hiyo ikishaonekana, mchango wa mwezi umlipe kijana wa gunia, na atakayegoma hapo hatakuwa na pa kujificha.

Hofu ya watu kukimbia makaratasi ni ya kweli, ndiyo maana mzigo usilingane kwa wote. Anayeinua ghorofa ufukweni Muhumba, au anayekata shamba zima kuwa viwanja arobaini huko pembezoni, alipe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na aonyeshe kwenye ramani yake lori litapita wapi. Anayejenga vyumba viwili vya mbao Nyamugo asiongezewe hata franka moja. Na kiasi kilichopokelewa kibandikwe kila mwezi kwenye ukuta wa ofisi ya komini, kando ya orodha ya ngazi zilizojengwa.