Usita wa Mui: kabla ya kutandika, tuchimbe

Nyumba ya shangazi yangu iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, na daka lake, yaani ukumbi wa mlangoni, lina baraza mbili za mawe. Nilipokuwa mdogo nikikaa pale, miguu yangu ilining'inia. Leo mtoto wa umri ule akikaa, nyayo zake zinagusa njia. Baraza hazikushuka, njia ndiyo iliyopanda. Kila aliyekuja kuitengeneza alimwaga saruji juu ya ile ya aliyemtangulia, mpaka mlango uliokuwa ukiingiwa kwa kupanda sasa unaingiwa kwa kushuka. Masika yakifika, shangazi huweka gunia la mchanga kizingitini kabla hajalala.

Naanza na baraza hizo kwa sababu, kila yanapozuka mazungumzo ya kuijenga upya njia kuu ya Lamu, ile ambayo ramani huiita Harambee Avenue na wazee wakaiita Usita wa Mui (usita ni njia), tunabishana juu ya kitu kimoja tu: kitandikwe nini? Kuna wanaotaka kabro, yaani vitofali vya saruji vya kutandika, kutoka mtaa wa Langoni hadi Mkomani, na kuna wanaoona kabro itaufanya mji wetu ufanane na kituo chochote cha matatu.

Wanaotaka kabro si maadui wa turathi, na si haki kuwasema hivyo. Mgonjwa akitolewa Mkomani usiku kupelekwa hospitali ya King Fahd, mara nyingi chombo chake ni mkokoteni, na kila shimo analisikia mifupani. Wazee huenda kuswali alfajiri wakipapasa ukuta. Mitaro iliyo wazi hubeba maji ya bafu na ya jikoni mbele ya milango ya watu, na maji yakisimama ni mbu. UNESCO ilipouingiza mji huu katika orodha yake mwaka 2001, uliingia kama mji unaokaliwa. Magofu tunayo ng'ambo, Takwa katika kisiwa cha Manda, na hakuna anayelala kule. Tena kabro ina faida ya kifundi: bomba likipasuka hung'olewa, likazibwa, ikarudishwa. Saruji huvunjwa, na kinachobaki ni kiraka.

Lakini hofu ya upande wa pili haitokani na mapenzi ya ukale peke yake. Kuta zetu ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Matumbawe hunywa maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, na chokaa huyaachia yatoke yakauke. Ukibana saruji hadi kwenye shina la ukuta, maji hukosa pa kutokea na huanza kupanda. Utaona kwanza plasta inabambuka kwa chini, kisha chumvi nyeupe kama unga. Unyevu ukipata njia ya kufika juu, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza, na dari hukaa juu ya kitu ambacho hakipo.

Kuna na suala la pikipiki. Wengi wanaamini njia laini itaziita, na katika usita ambao pengine punda wawili wenye shehena hawapishani, na watoto wanacheza katikati, hofu hiyo naielewa. Lakini sikubali kwamba mashimo ndiyo askari wetu. Marufuku ikiwapo isimamiwe, asiteswe mgonjwa kwenye mkokoteni ili dereva akatishwe tamaa. Kuhusu punda, fundi asisahau kwamba kwato huteleza kwenye saruji iliyosuguliwa. Tuna kituo cha kuwatibu punda mjini tangu 1987, wahusika waulizwe kabla ya mchoro kufungwa.

Jambo ambalo pande zote mbili hazilisemi vya kutosha ni kimo. Mji umelalia upande wa bahari. Mvua huteremka kutoka mlimani kwa vichochoro, ikaukata usita, ikaenda pwani. Usita wenyewe umekwenda sambamba na pwani, kwa hiyo kila unapoinuliwa unageuka ukuta wa kuzuia maji, na nyumba za upande wa juu ndizo zinazolipa. Kabro nzuri kuliko zote, ikitandikwa juu ya tabaka zilizopo, itazidisha madhara hayo.

Kwa hiyo kazi ianze chini. Tabaka za zamani zitolewe, na kwa mikono, maana tingatinga halipiti humu. Mabomba ya maji safi, ya maji machafu na nyaya vilazwe kwa pamoja, tusije kufukua mara ya pili. Watu wa Makumbusho ya Taifa wawe wamesimama hapo wakati wa kuchimba, na mkandarasi asisogee msingi wa nyumba yoyote bila ruhusa yao. Kandokando ya kuta uachwe ukanda wa kokoto au chokaa. Hayo yakifanyika, hata kabro ningeikubali Langoni, ambako maduka ni mengi na saruji ni nyingi. Mkomani ningeomba mawe.

Gharama yake ni kubwa, na mwenye duka ndiye atakayeihisi kwanza. Kuchimba ni polepole kuliko kumwaga, na mtu anayeishi kwa mauzo ya siku hawezi kungoja miezi kadhaa. Ndiyo maana ifunguliwe sehemu fupi moja, imalizwe, ndipo ifuate nyingine. Kazi ianze masika yakishapita, isimame wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ambapo mji hujaa wageni. Watu na shehena wapitishwe njia ya pwani.

Mwaka jana bomba lilipasuka mlangoni kwa shangazi. Fundi alivunja saruji kulitafuta, na kiasi cha shubiri moja chini likatokea jiwe la ngazi, limelainika katikati kwa nyayo. Shangazi alivua kiatu akaliwekea unyayo. Kabla halijafukiwa tena nilipima kutoka hapo hadi kizingitini, na kipimo nimekiandika ndani ya daka kwa mkaa. Milango mingine ya mtaa huu bado haijapimwa.