Ile tik-tik ya asubuhi si tapeti

Miezi mitatu nzima nilikuwa nawasha gari alfajiri hapa Kimara nasikia tik-tik-tik, kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria. Nikifika Ubungo, kimya. Nikalipeleka gereji saa nne asubuhi, fundi akafungua boneti, akasikiliza, akaniambia, "Bosi, mbona injini imetulia?" Na kweli ilikuwa imetulia. Wa pili akasema ni tapeti, vile vidude vinavyosukuma valvu, akanishauri niweke oili nzito zaidi. Nikaweka. Kesho yake alfajiri, tik-tik ileile.

Wa tatu alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. "Lilaze hapa. Nitaliwasha mwenyewe asubuhi." Nilipofika akawa ameshapulizia maji ya sabuni ubavuni mwa injini. Akanipa kitambaa nizibe bomba la moshi kule nyuma kidogo tu, akawasha. Povu likatoka kwenye manifodi ya ekzosi, na pembeni yake palikuwa na masizi meusi ambayo mafundi wote wawili waliyapita.

Manifodi ndiyo ile mikono ya chuma iliyobanwa kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Inapokea moshi wa kila silinda na kuukusanya kwenye bomba moja kabla haujafika kwenye masega (kile kichujio cha kusafisha moshi) na sailensa. Injini ikifanya kazi ngumu, moshi hapo unaweza kuwa na joto la nyuzi 600 hadi 900. Manifodi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa sentimita 40, ikipanda nyuzi 500, inarefuka zaidi ya milimita mbili, na huku imeshikwa na stadi, zile bolti zisizo na kichwa, kwenye hedi ya aluminiamu ambayo nayo inatanuka kwa kipimo chake. Asubuhi inatanuka, usiku inasinyaa, miaka kumi Japani na mingine hapa kwetu. Ongeza dimbwi la Jangwani wakati wa masika, au yule kijana wa kuosha magari anayemwagia injini maji ya baridi ikiwa bado ya moto. Mwishowe gasketi inayoziba kati ya manifodi na hedi inaungua, au stadi ya pembeni inakatika, au chuma chenyewe kinapata ufa. Wamarekani wenye Ford F-150 za V8 ya lita 5.4 wanazijua stadi za kukatika vizuri sana, kwa hiyo tusidhani ni mkosi wa mitumba tu.

Sasa ule ujanja wa sauti: chuma kikipoa ufa unafunguka, kikipata moto kinatanuka na kuuziba. Fundi anayesikiliza injini ya moto hasikii kitu. Ukisikia tik-tik ya asubuhi, laza gari gereji, hata kama itabidi urudi nyumbani kwa daladala.

Kuna watu wananiambia ni kelele tu, wewe endesha. Sikubaliani nao. Kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwingine, ufa huohuo unavuta hewa ndani. Sensa ya oksijeni inaiona hewa hiyo, inadhani mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza petroli. Nilikuwa najaza mara kwa mara nikilaumu foleni. Halafu kuna kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaishika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi ukivujia chini ya boneti, hewa ya ndani ya gari inaingilia karibu na hapohapo, na wewe umefunga vioo uko foleni ya saa nzima.

Na kuchomelea? Manifodi yangu ilikuwa imeshachomelewa na mtu kabla yangu. Ufa mpya ulipita sambamba na ile weldi, milimita chache pembeni, kama mtu kaufuata kwa rula. Chuma cha kusubu kinatakiwa kupashwa moto kwanza, kichomelewe kwa fimbo ya nikeli, kisha kipoe polepole kwenye majivu au mchanga. Kwenye vibanda vyetu kinachomelewa baridi, kinamwagiwa maji, unalipa, unaondoka. Sijaona mtu anayefanya vinginevyo.

Nikatafuta ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, mzee akailaza kwenye rula ya chuma kuona kama imepinda, akaweka gasketi mpya (si silikoni, alikataa kabisa), akakaza nati kuanzia katikati kwenda nje. Stadi moja ilikatikia ndani ya hedi ingawa alizilowesha oili usiku kucha. Kuitoboa ilimla nusu siku, na hiyo ndiyo sehemu niliyolipia zaidi.

Mwisho kijana wake akataka kuacha kile kibati cha kuzuia joto. "Hiki kinapiga kelele tu, bosi." Nikamsimamia mpaka akafunga bolti zote tatu.