Virusi Vimefubaa, Mgongo Bado

"Hongera mama, virusi havionekani." Muuguzi wa CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, alimwambia hivyo ndugu yangu mmoja, mwanika dagaa wa Kibirizi hapa Kigoma (amekubali niandike), na furaha yake ilikuwa ya kweli. Ndugu yangu akauliza, "Na huu mgongo, nesi?" Akaambiwa ameze Panadol na apunguze kazi.

Hoja ya wahudumu naielewa. Foleni ni ndefu, na mtu anayeinama juani kugeuza dagaa ataumwa mgongo awe na VVU au asiwe navyo. Tena ukimpa mgonjwa sababu ya kuamini kwamba dawa ndizo zinazomuumiza, kesho ataziacha. Tuliyaona enzi za stavudini, dawa ya VVU ya zamani, miguu ilipowaka moto, mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Kuogopa kurudi huko si ujinga.

Ila kuna namba inanisumbua. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia ARV, asilimia 94.3 wamefubaza virusi. Ni ushindi, nani atabisha? Lakini namba hiyo imechotwa kwenye damu. Haimwoni anayeamka alfajiri kwa kujishika ukutani. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa 2014 yalikuta maumivu kwa asilimia 54 hadi 83 ya watu wanaoishi na VVU. Ziweke namba hizo mbili ubavu kwa ubavu: mtu yuleyule anaweza kuwa ndani ya zote, akapongezwa kwa moja na ya pili isiulizwe kabisa. Na si kila mgongo ni wa dagaa. Hata virusi vikifubaa, uvimbe wa chinichini (si jipu, ni kinga ya mwili iliyochachamaa) hubaki mwilini. Tenofoviri, mojawapo ya ARV, nayo hupunguza uzito wa mifupa kiasi. Na wapo ambao mfupa wa nyonga hufa taratibu kwa kukosa damu.

Panadol yenyewe hakuimeza. Alipita duka la dawa akanunua vidonge vya diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, kimoja asubuhi kimoja jioni, siku zote za giza lisilo na mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa giza na ndipo kazi inapobana. Sasa angalia: tenofoviri iliyomo kwenye kidonge chake cha kila siku hutolewa na figo, na diklofenaki huzibana figo hizohizo. Tumeyakwepa mazungumzo ya maumivu ili asiache dawa, tukamwachia mchanganyiko huo aupange mwenyewe.

Mwongozo wa wataalamu wa VVU wa Marekani wa 2017 unataka kila mgonjwa aulizwe maswali mawili tu: wiki iliyopita mwili umekuuma kiasi gani, na je, una maumivu yaliyozidi miezi mitatu? Mtasema akijibu ndiyo tumpeleke wapi, na kweli zahanati zetu nyingi hazina mtaalamu wa fiziotherapia. Lakini jibu la "ndiyo" lingemfanya muuguzi aulize walau anameza nini.

Kuhusu muda, kila anayefika hupandishwa kwenye mizani. Siku ile ndugu yangu alilazimika kushika bega la muuguzi ndipo akaweza kupanda. Muuguzi akasubiri mshale utulie, akaandika kilo 58.