Vijana wa Kilimanjaro waonyeshwe maji yanakotoka
Nimesoma makala kuhusu moto wa msitu wa Mlima Kilimanjaro, mwandishi anasema vijana wanaochoma msitu makusudi hawajui madhara, kwa hiyo semina moja shuleni inatosha. Mi nimekulia Marangu, miteremkoni mwa mlima huo, na hapo nakataa, wanajua fika wakiwasha kiangazi nyasi laini za mifugo zitachipua, wasichoonyeshwa ni ile miti ya juu yenye ndevu zinazoning'inia inavyonasa ukungu mpaka maji yanadondoka chini, moto ukirudiarudia panabaki vichaka tu na mfongo wa nyumbani, yaani mfereji wetu wa maji, unapungua maji. Oktoba 2020 mlima ulipowaka wanafunzi nao walipanda kuzima pamoja na wanavijiji, jamani hao ndo waitwe madarasani wasimulie, bango la "usichome moto" nani analisoma? Huko kwenu watoto wameshapelekwa hata mara moja kuona chanzo cha maji?