Megapikseli 20 za Nini?

Jamani, hawa watengenezaji wa kamera ndogo wanatuona watoto. Kila toleo jipya boksi linapiga kelele: zilikuwa megapikseli 12 (megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha), sasa 20! Haya, 20 za nini? Picha ya sentimita 10 kwa 15, hata ukiisafisha kwa nukta 300 kila inchi, inataka megapikseli 2 na ushee. Ukurasa mzima wa A4 unataka kama 9. Zinazobaki kazi yake kujaza kadi. Tena picha haijapanuka kama unavyodhania: kutoka 12 hadi 20, upana umeongezeka asilimia 30 hivi tu.

Kitu chenyewe chenye kazi ni kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, nacho wamekiandika nyuma ya kijitabu kwa herufi za kuumiza macho: 1/2.3. Ya inchi, ati! Piga hesabu, unapata milimita 11. Pima kihisi kona hadi kona, hata 8 hazifiki. Kinachoitwa cha inchi 1 nacho kina milimita 13.2 kwa 8.8. Kipimo hicho ni cha enzi za mirija ya kamera za televisheni, walipokuwa wakihesabu kipenyo cha nje cha mrija wa kioo. Mirija ilishazikwa, inchi zake bado zinatupunja.

Hata hivyo, kama kuna sababu ya kutoa pesa ni ukubwa wa kihisi. Kihisi cha inchi 1 kina eneo mara nne ya kile cha 1/2.3. Kwenye mwanga hafifu kamera ya kihisi kidogo inapandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) hadi 1600, picha inajaa chenga, halafu programu ya ndani inazifuta chenga pamoja na nyusi za watu. Kihisi kikubwa kinapunguza balaa hilo. Lakini megapikseli zaidi juu ya kihisi kilekile? Hapo umenunua boksi.

Na hiyo zumu mara 30! Lenzi inaanza na f/3, ukiivuta hadi mwisho inafika f/6.3; namba hiyo ikikua, mwanga unaoingia unapungua. Mwanga uliobaki haufiki hata robo. Kamera inafidia kwa kuacha shata (pazia la kuingizia mwanga) wazi muda mrefu, mkono unatikisika, ndege uliyemlenga anatoka wingu lenye mdomo. Zumu ya dijitali ndiyo usiseme, izime kwenye menyu: inakata katikati ya picha na kuipanua, basi.

Halafu malalamiko mengi wala si ya kamera. "Picha zina ukungu": hilo ni dole gumba lako kwenye lenzi. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Ukianza na kufuta, mchanga unakwaruza kioo. "Inachelewa kupiga": bonyeza kitufe nusu, subiri kiboksi kiwe cha kijani, umalizie. Watu wanakikandamiza kama kengele ya mlango halafu wanalaumu kiwanda. "Haisomi kadi": kamera nyingi za zamani mwisho wake ni kadi za aina ya SDHC, zinazoishia GB 32, wewe umeipa ya 64. Betri ikivimba, badilisha betri, usibadilishe kamera; na usiichokonoe kwa bisibisi.

Doa lileile mahali palepale kwenye kila picha, hata baada ya kufuta lenzi? Vumbi limeingia hadi kwenye kihisi. Lenzi ya kamera hizi haivuliwi, kwa hiyo ni ya fundi. Na ikiwashwa ikatoka nusu, ikalia krrr na kuandika kosa la lenzi, mara nyingi ni mchanga kwenye pete zake, au ilianguka. Uliza bei ya matengenezo ukiwa umekaa.

Basi ununue mpya. Betri ya akiba uliyokuwa nayo haiingii, waya wa kuchajia si ule, na kichwa cha chaja hakimo kwenye boksi. Lakini mkanda wa mkononi upo. Mkanda hawasahau.