Eti twende tukapunge hewa

Sasa hivi tu jamaa yangu kanitumia meseji, "Kaka, Jumamosi tunarudia?" na kidole gumba juu yake. Kurudia nini wewe? Matope ya juzi bado yapo kwenye raba, yamekaukia humo humo, nimeyachokonoa na kijiko mpaka kijiko kimepinda na mwenye kijiko kaninunia.

Huyu bwana tangu anunue ile saa ya kuhesabu hatua hatupumui. Eti binadamu lazima hatua 10,000 kwa siku. Nikamwambia hiyo namba ilianzia Japani mwaka 1965, ilikuwa kwenye jina la kidude cha kuhesabia hatua walichokuwa wanauza, ni biashara tu. Kanijibu "tembea kaka". Haya.

Na muda kachagua, masika ndio yanaanza, majani yamechipua kila kona, panapendeza kweli, ila uwe ndani ya gari. Kwa miguu ule udongo mweusi unakuongezea soli kila ukikanyaga, unatoka nyumbani mfupi unafika mrefu. Mbwa alikuwepo, tuachane naye. Daraja la gogo pia lilikuwepo, silizungumzii.

Sasa kufika kwenye kichuguu jamaa kasimama, kafumba macho, katanua mikono, "Kaka vuta hewa hiyo." Na mimi na adabu zangu nikavuta. Mara nasikia kitu gotini, kingine pajani, nikajikaza, mtu mzima hajikuni hovyo njiani, halafu kikaja kimoja pale pasipotajwa, nikaruka. Siafu! Tumesimama katikati ya msafara wao. Na siafu mnamjua, macho hana lakini pa kwenda anapajua, ukimvuta kiwiliwili kinakuja, kichwa kinabaki kimeng'ata, yaani unaendelea kung'atwa na marehemu. Suruali nikaivua hapo hapo, nimebaki na bukta yenye tundu, naruka mguu mmoja huku naikung'utia suruali kwenye mti, na huyu badala ya kusaidia anaangalia saa, "Kaka, na hizi inahesabu!"

Ndio wakatokea watoto na ndoo zao, mstari umenyooka, wakasimama kwa heshima zote: "Shikamoo babu!"

Nikaitikia marahaba, nikauliza na masomo vipi, maana ningefanyaje, nao wakaanza kujibu mmoja mmoja, huyu hesabu, yule sayansi, mimi suruali nimeikumbatia kifuani natikisa kichwa kama mgeni rasmi, siafu wanaendelea na kazi. Siafu wala sina kinyongo naye, yupo kwenye njia yake. Ila babu? Babu wa nani? Mvi zenyewe za kutafuta na tochi, na huyu mwenzangu tumezaliwa mwaka mmoja, yeye wamemwita anko!

Halafu utabiri wa asubuhi ulisema mvua "katika baadhi ya maeneo". Hayo baadhi ya maeneo ndio mimi, kila mwaka. Jamaa kaja na koti la mvua, koti moja, kavaa yeye.

Usiku narudi nawasha taa nijichomoe vichwa vilivyobaki, kumbikumbi hao, kundi zima, wanadondosha mabawa kwenye chai, kwenye kitanda, kwenye charja. Na jirani ana taa kubwa kuliko yangu mara tatu, inawaka mpaka alfajiri, sijawahi kuona hata mmoja kwake. Mmoja!